Radi za Zohali hazitoki kwenye pete zake

Dhana: Mipasuko ya umeme inayonaswa Zohali huzaliwa ndani ya pete.

Ukweli: Huzaliwa mawinguni, ni radi. Ila habari ya pete haikuanzia vijiweni, ilianzia kwa wanasayansi wenyewe, tena wakiwa na hoja. Novemba 1980 chombo cha Voyager 1 kilipopita karibu na Zohali, kilinasa mipasuko mifupi ya mawimbi ya redio ikijirudia kila baada ya saa 10 na dakika 10 hivi. Vipande vya barafu vya pete B, mojawapo ya pete kuu za Zohali, vilivyo kilomita kama 108,000 kutoka kitovu cha sayari huizunguka kwa muda uleule. Isitoshe, baadhi ya mawimbi yalikuwa ya masafa ya chini mno, na ionosfia, lile tabaka la juu lenye chaji, ilitarajiwa kuyazuia yasitoke.

Tatizo ni kwamba mawingu ya ikweta nayo, yakiendeshwa na upepo mkali, humaliza mzunguko kwa muda huohuo. Saa peke yake haiamui lolote. Na ionosfia? Hapo likaja jibu ninalolipenda kuliko yote: pete hutupa kivuli ikweta, ionosfia iliyo kivulini hudhoofika, na mawimbi yanapata upenyo. Kumbe pete zilihusika kwa kivuli tu!

Kilichomaliza ubishi ni Cassini, chombo kingine cha anga, iliyofika huko 2004. Mwaka huohuo ilipiga picha dhoruba kwenye latitudo ya 35 kusini huku antena zake zikisikiliza. Dhoruba ikigeukia upande wa chombo, mipasuko inamiminika. Ikizungukia upande wa pili, inakatika. Kipindi chake kilikuwa saa 10 na dakika 40 hivi, sawa na mwendo wa mawingu ya pale.

Dhana: Ingekuwa radi, kamera zingeiona mapema.

Ukweli: Usiku wa Zohali haujui giza, kwa kuwa pete huumulika kwa mwanga wa Jua zinaouakisi. Agosti 2009 Jua lilipozipiga pete kwa ubavu, mwanga huo ulififia, na Cassini ikapata picha za mimweko yenye upana wa takriban kilomita 200. Upana huo unaonyesha kuwa mwanga ulitoka chini sana, ukasambaa ukipenya mawingu. Kisha Desemba 2010 ikazuka dhoruba kubwa kaskazini iliyofikisha mimweko 10 na zaidi kwa sekunde. Machi 2011 mmweko wake mmoja, wa buluu, ulionekana hata upande wa mchana.