Qeej ni nini, na kijana huifundishwaje?

Qeej ni ala ya kupuliza ya Wahmong, watu wa milimani kusini mwa China, Vietnam, Laos na Thailand. Vita vya Laos vilipokwisha mwaka 1975, maelfu yao walivuka kwenda Thailand, na wengi wakahamia Marekani, Ufaransa na Australia. Ndiyo maana leo ala hii inasikika pia St. Paul, Minnesota, na Fresno, California. Jina lake hutamkwa karibu na "keng", k ikitoka nyuma kabisa kooni na sauti ikianzia juu kisha kushuka.

Ina chemba ya mbao yenye shingo ndefu ya kupulizia, na mianzi sita iliyopenya kwenye chemba hiyo. Ndani, kila mwanzi umetiwa ulimi mwembamba wa shaba. Aliyezoea filimbi itabidi ajifunze upya: hapa mwanzi ambao tundu lake liko wazi unanyamaza, ukiliziba kwa kidole ndipo unalia. Tena ulimi hulia pumzi ikitoka na ikiingia, kwa hiyo mpigaji hana haja ya kukatisha ili avute hewa.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba qeej inasema. Kihmong ni lugha ya toni. Neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. "Pog" ni bibi mzaa baba, "pos" ni mwiba, "pom" ni kuona. Herufi ya mwisho haitamkwi, ipo kuonyesha toni tu. Mpigaji huchukua toni za maneno akazipa sauti za mianzi, na mwenye sikio lililofunzwa husikia maneno yenyewe. Kiswahili hakina toni, lakini Mkongo atakumbuka lokole, ngoma ya gogo ya Walokele wa karibu na Kisangani, iliyopeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji kwa njia hiyohiyo.

Kazi yake kubwa ni msibani. Kwanza mtu huimba kwa mdomo Qhuab Ke, yaani kuonyesha njia: roho ya marehemu inarudishwa hatua kwa hatua, mji baada ya mji alikoishi, hadi pale kondo lake la nyuma lilipozikwa. Kisha qeej na ngoma hupokea. Maneno ya qeej huelekezwa kwa marehemu zaidi kuliko kwa waombolezaji, na mpigaji huzunguka, huinama na kujipinda huku akipuliza. Sherehe za mwaka mpya nazo zina qeej, ila pale michezo ndiyo inayotawala, na vijana hupiga huku wakibingirika chini.

Sasa fikiria kijana aliyezaliwa St. Paul. Vidole atavizoea, maana anamwangalia fundi, anaiga, anarudia. Kucheza huenda akamshinda hata mwalimu. Lakini kama Kihmong chake ni cha kuomba chakula tu, anapiga sentensi asizozielewa, na akikosea toni hajui kwamba neno limegeuka. Kwa sababu hiyo naamini mwalimu mzuri huanza na mdomo: kijana aseme mstari kwanza, aushike kwa moyo, ndipo aushike kwa vidole. Ni kazi ya miaka. Nyimbo za msiba ni ndefu mno, na tangu zamani zimehifadhiwa kichwani; maandishi ya Kihmong kwa herufi za Kirumi yalitungwa Laos mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliyekomaa huitwa "txiv qeej", baba wa qeej. Zamani ilikuwa kazi ya wanaume peke yao. Huko Marekani yapo madarasa yanayopokea wasichana, na mimi nafurahi, kwani lugha inayokosa wasemaji haiwezi kuchagua.

Familia nyingi zilizoingia Ukristo zimeacha mazishi ya jadi, kwa hiyo mtoto wao hukutana na qeej jukwaani tu. Kwa wanaoshika desturi kuna mwiko mmoja unaomsumbua mwanafunzi wa mjini: nyimbo za msiba hazifanyiwi mazoezi ndani ya nyumba isiyo na msiba, kwa kuwa zinaita kifo. Kijijini mwanafunzi alikwenda shambani au porini, akapiga mpaka jua likazama.