Hakuna Mpasheni Dume

Mkulima mwingine tena ameniambia kwamba ameng'oa mpasheni wake wa manjano kwa sababu ulichanua sana bila kuzaa, hivyo akaamini kuwa ni dume. Mpapai dume upo. Mpasheni dume haupo. Kila ua la pasheni lina stameni tano, yaani sehemu za kiume zinazotoa chavua, na stigma tatu, yaani sehemu za kike zinazoipokea; jinsia zote mbili zimo humo.

Kinachokosekana mara nyingi ni mwenzi. Pasheni ya manjano, inayopendelea pwani na nyanda za chini, huikataa chavua yake yenyewe, na huikataa vilevile chavua ya mmea uliotokana na kipande cha shina lilelile. Majirani hugawana vipande vya mmea mmoja unaosifika, kila mmoja akapanda chake, kisha mtaa mzima ukachanua bila kuzaa, kwa kuwa kinasaba mimea hiyo yote ni mmoja. Pandeni miche ya mbegu kutoka mashamba tofauti!

Pasheni ya zambarau hujichavusha, vitabu vinasema, lakini kauli hiyo hunitia shaka kila ninapoisikia ikirudiwa shambani, kwa sababu chavua ni nzito, inanata, na stigma zimekaa juu ya stameni. Mdudu bado anahitajika. Nyuki wa asali ni mdogo mno, hivyo mara nyingi huchukua chavua bila kuzigusa stigma. Anayeifanya kazi hiyo vizuri ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, ambaye wengi humuua.

Nakubali kwamba imani ya dume ina chembe ya ukweli. Ua linapofunguka, stigma huinuka, kisha huinama taratibu kuelekea stameni; katika maua mengine haziinami kabisa, na hayo hayatungi tunda hata ukiyachavusha kwa mkono, ingawa chavua yake ni nzima. Hata hivyo hiyo ni hali ya ua, si ya mmea, kwani mmea huohuo hutoa maua ya aina zote mbili.

Ikiwa mche wako wa zambarau ulibebeshwa, yaani uliunganishwa, juu ya shina la manjano, angalia saa ya kuchanua kabla ya kushika panga. Zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri; manjano hufunguka adhuhuri. Maua yakifunguka mchana, sehemu ya juu huenda imekufa, na unachokitunza ni machipukizi ya shina la chini, yanayosubiri chavua ya mmea mwingine.