Anatembea, lakini hajapona: dhana potofu kuhusu maisha baada ya kiharusi

"Akishaanza kutembea, amepona."
Kutembea kunaonekana, ndiyo maana ndugu hupima kwa hicho. Yanayomnyima mgonjwa raha mara nyingi yamejificha. Mwenye ubongo ulioacha kuutambua upande wa kushoto hula nusu ya sahani akadhani amemaliza, na hugonga mlango kwa bega lilelile kila siku. Huo si uzembe. Mfundishe kugeuza kichwa mpaka aone ukingo wa kushoto. Utepe mwekundu uliobandikwa ukingoni mwa meza humpa alama ya kutafuta.

"Kulala mchana ni uvivu."
Karibu nusu ya walionusurika hupata uchovu usiolingana na kazi waliyofanya, na usingizi peke yake hauuondoi. Kuoga, mazoezi na wageni visipangwe asubuhi moja. Apumzike kabla hajachoka, si baada ya kuishiwa nguvu. Daktari naye aangalie upungufu wa damu, dawa zinazoleta usingizi, na kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika usiku.

"Huzuni yake itapita yenyewe."
Takriban mgonjwa 1 kati ya 3 hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na sonona hutibika. Ikiachwa, mgonjwa hukataa mazoezi na familia humwona mkaidi. Tofautisha na kulia au kucheka ghafla bila hisia inayolingana: hapo ubongo umeshindwa kuzuia hisia zisifurike. Usimuulize "unalia nini?" Badilisha mazungumzo, mwache apumue taratibu, kisha mwambie daktari, maana hili nalo lina dawa.

"Mkono uliopooza uvutwe ili uchangamke."
Hili tunalisisitiza kuliko yote, kwa sababu madhara yake huletwa na mikono yenye nia njema. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kishimo chenye kina kifupi begani, kikishikiliwa zaidi na misuli. Misuli ikilegea, mfupa hushuka. Ukiuvuta mkono, unaumiza tishu za bega. Maumivu yakianza, mgonjwa hulinda bega, bega hukakamaa, na kuvaa shati kunakuwa vita ya kila asubuhi.

Kumwinua kitandani, usimshike mkono wala kwapa. Mkunje magoti, mgeuze alale ubavu, shusha miguu yake kutoka kitandani, kisha weka mkono wako mmoja nyuma ya bega, kwenye kombe (mfupa bapa wa mgongoni), na mwingine nyongani, umsaidie kuketi. Akikaa, mkono dhaifu uegemee mto au meza, usining'inie. Kuvaa, mkono dhaifu uingie kwanza. Kuvua, utoke mwisho.

"Hasemi, basi haelewi."
Afasia huharibu lugha, haiondoi akili. Wengine huelewa karibu kila kitu lakini neno halitoki. Wengine hupata shida kuelewa pia. Zima redio, sema sentensi fupi, uliza maswali ya ndiyo au hapana, subiri bila kummalizia neno, na uwe na kalamu na picha karibu. Kumjadili mbele yake kama hayupo kunaumiza sana.

"Baada ya miezi 6 hakuna kinachobadilika."
Nafuu huja haraka zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, kisha hupungua kasi, lakini haikomi hapo. Mazoezi ya kazi halisi, yanayorudiwa mara nyingi, huendelea kuzaa matunda hata baada ya mwaka. Chagua kazi moja anayoitaka mwenyewe, kama kufunga kifungo, aifanye kila siku. Ukimfanyia kila kitu, mkono dhaifu huzoea kutotumika.

Dawa za shinikizo la damu asiziache kwa sababu vipimo ni vizuri; ni vizuri kwa sababu anazinywa. Na uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla upya, usidhani ni kiharusi kile cha zamani. Kumbuka saa ilipoanza na mpelekeni hospitali papo hapo.