Digrii 127 na Nyingine za Kubuni: Joto la Mazabodi kwenye Linux

Kila kiangazi hapa Tabora, vumbi likishaanza kutimka, nasikia wimbo uleule: "Fundi, mazabodi inaungua, imefika digrii 127!" Naigusa hiyo bodi kuu ya kompyuta: vuguvugu tu. Nimeichoka hiyo 127.

Dhana: Kila namba inayotolewa na sensors, amri ya Linux ya kuonyesha vipimo, ni joto halisi

Si kweli. Mazabodi ya kompyuta ya mezani ina chipu inayosoma joto, volti na kasi ya feni, mara nyingi ya Nuvoton au ITE. Chipu hiyo ina njia kadhaa za kupokea vipimo, na mtengenezaji wa bodi huunganisha zile anazozihitaji tu. Zilizobaki husomeka 127, au -128, au upuuzi wowote. Draiva ya Linux haijui ipi imeunganishwa, kwa hiyo inakumwagia zote. AUXTIN, jina la mojawapo ya njia hizo, ikikaa 127 tangu unawasha asubuhi mpaka unafunga ofisi, hicho si kipimo. Iwekee neno ignore (ipuuze) kwenye faili ndani ya /etc/sensors.d, yaishe.

Lakini anayenikera zaidi ni yule anayeona digrii 27.8 akatulia. Jamani! Oktoba, kibanda cha steshenari kimeezekwa bati, hakina silingi bodi, wewe mwenyewe unajipepea na daftari, halafu acpitz, kipimo kinachotoka BIOS, inasema 27.8, jana na leo. Feni inavuta hewa ya humohumo. Itaipozaje bodi iwe baridi kuliko hewa yenyewe? Kwenye bodi nyingi namba hiyo imeandikwa tu na mtengenezaji ndani ya BIOS (programu ya bodi yenyewe inayoiwasha kompyuta), haipimi chochote.

Kujua namba ipi ni ya kweli, andika watch -n 2 sensors, ikuonyeshe vipimo upya kila sekunde mbili, kisha ipe prosesa kazi nzito dakika kumi hivi. Inayopanda na kushuka kufuata kazi ndiyo ya kusikilizwa. Ya prosesa huruka ghafla, ya bodi hupanda polepole. Linganisha na ukurasa wa BIOS. Kwenye chipu za Nuvoton, ya bodi mara nyingi huitwa SYSTIN.

Dhana: Mstari wa "Core 0" kwenye sensors ndiyo mazabodi

Hiyo ni prosesa. Nyingi za Intel zina kikomo cha digrii 100 hivi na hujipunguzia kasi zenyewe zikikikaribia. Ukiona 80 katikati ya kazi nzito, usikimbilie kubadilisha pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa.

Dhana: Linux haisomi joto

Hujaweka lm-sensors, programu yenye amri ya sensors, au hukuendesha sensors-detect, inayotafuta chipu za vipimo. Kwenye maswali yake bonyeza Enter tu, isipokuwa lile la mwisho la kuongeza moduli (draiva za chipu hizo): hapo andika yes, maana Enter inamaanisha hapana.

Dhana: Ukiacha kifuniko cha kompyuta wazi inapoa

Kwa vumbi hili? Kifunge. Unapopuliza kwa blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke, la sivyo unaua beringi. Na kesi, yaani boksi la kompyuta, iondoe sakafuni, hata kwa matofali mawili.