Mbio nyepesi baada ya zoezi gumu: faida yake halisi na kasi inayofaa

Wakimbiaji wengi wameambiwa kwamba kukimbia polepole kesho yake baada ya zoezi gumu husafisha asidi ya laktiki iliyobaki kwenye misuli, na kwamba asidi hiyo ndiyo chanzo cha maumivu wanayoamka nayo. Maelezo hayo si sahihi. Laktiki inayozalishwa wakati wa mbio za kasi hupungua hadi kiwango cha kawaida ndani ya takriban saa 1 baada ya mtu kusimama, kwa kuwa moyo, ini na misuli yenyewe huichukua na kuitumia. Hadi kufika asubuhi hakuna kilichobaki cha kusafishwa. Maumivu ya misuli, ambayo hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, yanahusishwa na majeraha madogo mno ndani ya nyuzi za misuli na hatua za mwili za kuyatibu. Ndiyo maana aliyekimbia mteremko mrefu huumia mapaja kuliko aliyepanda mlima: anaposhuka, misuli ya mbele ya paja hulazimika kukaza huku ikivutwa.

Ni kweli kwamba baada ya dakika chache za kukimbia polepole miguu hulegea na mtu akajisikia nafuu, lakini nafuu hiyo ni ya muda na haithibitishi kwamba misuli imepona haraka zaidi. Akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli, yaani glikojeni, hurejeshwa kwa chakula na mapumziko, kwa kawaida ndani ya saa 24 au zaidi, na mbio zozote, hata za polepole, huipunguza kidogo. Napenda jambo hili lieleweke mapema, kwa sababu anayeamini kwamba mbio ni dawa ya uchovu hujiongezea dozi kila anapochoka.

Faida ya mbio nyepesi iko kwingine. Kinachojenga uvumilivu wa mkimbiaji kwa miaka ni jumla ya muda anaokimbia akiwa ndani ya uwezo wake wa kutumia oksijeni. Katika muda huo misuli huongeza mitokondria, ambazo ndizo huzalisha nishati ndani ya seli, na mishipa midogo ya damu inayozizunguka nyuzi za misuli huongezeka, huku moyo ukizoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mabadiliko haya hutokea hata katika mwendo wa chini, ilimradi yapewe muda wa kutosha. Kwa hiyo dakika 30 za mbio nyepesi humwongezea mkimbiaji kiasi cha mazoezi kwa gharama ndogo, bila kumnyang'anya nguvu atakazozihitaji siku ya zoezi gumu linalofuata.

Kupishanisha siku ngumu na siku nyepesi si jambo jipya. Bill Bowerman, aliyekuwa kocha wa riadha katika Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani kuanzia 1948 hadi 1972, aliufanya mpangilio huo kuwa msingi wa kazi yake. Baadaye mtafiti Stephen Seiler, akichunguza mazoezi ya wanamichezo wa kiwango cha juu katika michezo ya uvumilivu, alikuta kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao hufanywa kwa mwendo mwepesi. Wakimbiaji wa kawaida mara nyingi hufanya kinyume: siku nyepesi huzikimbia kwa kasi ya wastani, kisha siku ngumu hufika wakiwa wamechoka, nazo zikaishia kuwa za wastani vilevile. Wiki nzima huwa ya rangi moja, na muda wa mashindano hauboreki.

Kasi, basi, ndiyo kiini cha jambo lote. Kipimo ninachokipendekeza kuliko vyote hakihitaji kifaa: mkimbiaji aweze kuzungumza sentensi nzima, tena ndefu, bila kukatiza katikati ili avute pumzi. Akiweza kutamka maneno matatu manne tu kisha akahema, amepita mpaka. Anayetumia saa ya kupima mapigo ya moyo anaweza kujiwekea ukomo wa takriban asilimia 70 ya mapigo yake ya juu kabisa. Kanuni mojawapo ya kukadiria mapigo hayo ni kutoa asilimia 70 ya umri kutoka 208. Mtu wa miaka 40 atapata 180, na ukomo wake utakuwa takriban mapigo 126 kwa dakika. Kanuni hii ni makadirio, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 10 au zaidi, kwa hiyo pale saa na pumzi zinapopingana, pumzi ndiyo ya kuaminiwa. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu zinazopunguza mapigo ya moyo wasitegemee hesabu hii kabisa.

Kwa upande wa mwendo, mtu anayemaliza kilomita 10 kwa dakika 50, yaani dakika 5 kwa kila kilomita, kwa kawaida atajikuta kati ya dakika 6 na nusu na dakika 7 kwa kilomita katika siku nyepesi. Wengi huona aibu kwa mwendo huo. Ugumu hujitokeza hasa baada ya kilomita ya pili, mwili unapokuwa umepata joto: hatua hurefuka zenyewe, au mkimbiaji mwingine hupita kando na miguu ikaanza kumfuata bila kuamuliwa. Hapo ndipo inapofaa kufupisha hatua kwa makusudi, na ikibidi kutembea dakika moja. Kutembea katika siku kama hii hakuharibu kitu. Kwenye joto kali au mlimani kasi hushuka zaidi, na iachwe ishuke.

Muda wa dakika 20 hadi 45 unatosha, katika njia tambarare.

Si kila mtu anazihitaji mbio hizi. Anayekimbia siku tatu kwa wiki tayari ana siku za mapumziko katikati, na ni bora azitumie kupumzika kweli kuliko kuzijaza. Mbio nyepesi huanza kuwa na maana kwa anayekimbia siku tano au zaidi. Baada ya marathoni, hata mzoefu ni vyema akae siku kadhaa bila kukimbia.

Ipo pia tahadhari ambayo kasi ndogo haiiondoi. Katika kila hatua mguu hupokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na dakika 30 ni maelfu ya hatua. Moyo huenda ukaona zoezi ni jepesi, ilhali mfupa ulioanza kuchoka unaendelea kuhesabu. Mwenye maumivu ya ugoko anaweza kujikagua kabla ya kutoka: apitishe kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo. Maumivu yaliyotapakaa sehemu ndefu mara nyingi huwa ya misuli na utando wa mfupa, nayo huhitaji kupunguza mzigo. Nukta moja yenye ukubwa wa ncha ya kidole, inayouma sana ikibonyezwa, huashiria uwezekano wa ufa katika mfupa. Mtu huyo asikimbie hata polepole hadi aonwe na daktari. Vivyo hivyo kwa mwenye homa, mwenye maumivu yanayombadilisha mwendo hadi akachechemea, na mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu. Aliyetoka kwenye zoezi kali mno kisha akaona mkojo wake umekuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea aende hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda misuli imeharibika kiasi cha kuhatarisha figo.