Asidi ilishaondoka Jumapili mchana

Jumatatu baada ya Kilimanjaro Marathon, hapa Moshi huhitaji kuuliza nani alikimbia. Anayeshuka ngazi za benki kinyumenyume huku kashika chuma, alikimbia. Anayenyanyua mguu kwa mikono miwili ili apande bodaboda, naye alikimbia. Mwaka huu, kama miaka yote, wa kwanza kunifikia uwanjani hakusubiri hata marahaba yangu: "Shikamoo mwalimu, naomba unichue, asidi imejaa kwenye mapaja."

Haijajaa. Ilishaondoka jana yake, kabla hajala chakula cha mchana.

Nimelisema hili hadi nimechoka, na bado nalisikia kwa wachezaji, kwa wazazi, na linaloniuma zaidi, kwa walimu wenzangu wa michezo wanaowaandikia watoto ubaoni. Basi leo naliandika.

Asidi wanayoisema ni asidi ya laktiki, ileile inayoufanya mtindi uwe mchachu. Mkemia Carl Wilhelm Scheele aliipata kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780. Msuli ukivunja sukari kwa kasi kubwa unaitengeneza, ila ndani ya mwili karibu yote inakuwa lakteti, yaani laktiki iliyokwisha kuachia uasidi wake. Ukiwa umetulia, damu yako ina milimoli 1 hivi kwa lita. Mkimbiaji wa mita 400 aliyejitoa mhanga anaweza kuvuka 20. Halafu inashuka, na ndani ya saa moja hivi imerudi ilikokuwa. Ukitembeatembea badala ya kujitupa chini, inashuka haraka zaidi. Wala si taka. Moyo unaichoma kupata nguvu, misuli mingine inaichoma, na ini linaigeuza kuwa sukari upya.

Sasa tupige hesabu. Umemaliza mbio saa nne asubuhi. Saa sita mchana lakteti yako ni ya mtu aliyekaa barazani. Maumivu yameanza usiku, yamekolea Jumanne. Aliyeondoka mchana utamshtaki vipi kwa wizi wa usiku?

Kama hesabu haikutoshi, tazama njia yenyewe. Mbio zile zinapanda kuelekea Mweka, kisha zinageuka na kuteremka mjini. Kwenye kupanda ndiko unakohema, ndiko mapaja yanakowaka, ndiko lakteti inakotoka kwa wingi. Kuteremka pumzi inarudi na lakteti ni kidogo. Lakini muulize yeyote kilichomvunja miguu. Ni mteremko. Waulize na wageni wanaotoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, wakalala kambi ya Mweka kwenye mita 3,100 siku hiyohiyo. Walipanda kwa siku kadhaa bila kulia na mapaja. Siku moja ya kushuka ikawamaliza.

Hapa ndipo ningetaka walimu watulie, maana neno moja linalokosekana ndilo linaloharibu somo zima. Tunafundisha kwamba msuli ukikaza unafupika. Si lazima. Mtu anayeteremsha ndoo kisimani ameikaza kamba muda wote, lakini kamba inazidi kwenda. Kazi yake ni kuzuia ndoo isianguke. Paja la mbele linafanya hivyohivyo kila unapokanyaga kwenye mteremko: linakaza huku linavutwa lirefuke. Mimi nauita mkazo wa kurefuka. Katika mkazo huo nyuzi chache za msuli zinabeba mzigo mkubwa, baadhi zinachanika kwa vipande vidogo sana, na saa nyingi baadaye eneo linavimba na mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kuuma. Mtafiti Theodore Hough aliandika mwaka 1902 kwamba maumivu ya siku ya pili yanatokana na kuchanika ndani ya msuli. Mwaka 1902! Na ndiyo sababu mtoto aliyerushwa kichura leo, kesho hawezi kuchuchumaa chooni. Kila anapotua, paja linazuia mwili wote.

Asidi ilipataje lawama? Otto Meyerhof na Archibald Hill walipewa Nobeli ya 1922 kwa kazi zao juu ya misuli, nyingi zikiwa kwenye misuli ya chura iliyokatwa. Msuli usio na damu inayopita hauna pa kuipeleka laktiki, hivyo inarundikana wakati msuli unachoka. Vitu viwili vikaonekana pamoja, kimoja kikafanywa sababu ya kingine.

Tangu hapo neno "asidi" limemeza kila kitu: kuwaka kwa misuli katikati ya mbio, kubanwa na misuli, uchovu, na maumivu ya kesho yake. Hivyo ni vitu vinne. Na hili si suala la maneno tu. Miaka michache iliyopita niliitwa kumwangalia kijana ambaye kocha wake, baada ya mazoezi ya kichura yasiyo na kipimo, alimrudisha kiwanjani siku ya pili "aivunje asidi". Mapaja yalikuwa yamevimba na magumu kama gogo. Nilimuuliza kuhusu mkojo. Akaona aibu, kisha akasema ni kama chai ya rangi. Tulikwenda hospitali palepale. Mkojo wa namna hiyo unaonyesha msuli umevunjika kiasi cha kumwaga protini yake kwenye damu, na protini hiyo inaweza kuua figo. Maumivu ya kawaida hayabadilishi rangi ya mkojo. Kila kocha alijue hilo kabla ya kujua neno laktiki.

Mashaka yangu nayo niyaseme. Ukubwa wa maumivu hauendani vizuri na ukubwa wa madhara; wapo wanaoumia sana na msuli haukuharibika sana, na kinyume chake. Hata kile kinachowaka katikati ya mbio watafiti bado wanakibishania. Kujinyoosha, ambako nimewasimamisha watoto miaka yote, hakupunguzi maumivu ya kesho yake kwa kiasi cha kujisikia. Kuchua kunapunguza kidogo, ndiyo maana yule wa Jumatatu nilimchua, ila hakuna kitu nilichokamua.

Kinga iliyo wazi ni mteremko wenyewe. Msuli ulioshuka mara moja, hata kidogo, ukishuka tena wiki chache baadaye hauumii vile. Ni mteremko wa urefu gani unatosha? Sina kipimo kimoja cha kumpa kila mtu. Huyu wa Jumatatu nimemwandikia kwenye daftari lake, kuanzia Januari: mara moja kwa wiki, apande Mweka kwa daladala, ateremke kwa miguu, dakika 15 za kukimbia taratibu, siku ya pili asikimbie.