Etxeberria: jina lililotoka mlangoni

Jirani yangu mmoja alinijia jioni na karatasi tatu za mwanawe. Cheti cha ubatizo kimeandikwa Ksaveri. Cheti cha kuzaliwa, Xavier. Kitambulisho cha taifa, Xavery. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiye mtu wa majina. Lipi hapa ndilo lenyewe?"

Nikamwambia lenyewe halimo katika zote tatu. Lenyewe ni Etxeberri, na halikuanza kuwa jina la mtu. Lilikuwa jina la nyumba. Mama Ksaveri akaguna, akavuta kiti.

Kazi yangu ni kufuatilia majina yalikotoka, na kati ya yote niliyowahi kuyafungua, hili la Kibaski linaninogea kuliko mengine. Wabaski wanaishi pande mbili za milima ya Pyrenees, wengine Hispania, wengine Ufaransa, na lugha yao haina ndugu anayejulikana popote duniani. Pamoja na upweke wake huo, kwa Mswahili jina hili ni jepesi kulifungua. Etxe ni nyumba. Berri ni mpya. Kivumishi kinafuata nomino, kama kwetu. Ile -a inayoning'inia mwishoni mwa Etxeberria inafanya kazi inayokaribia ya "ile" yetu: nyumba mpya ile. Na herufi tx zisikutishe, ni ch tu.

Ugumu uko kwenye tahajia. Makarani wa Kihispania waliandika Echeverría, wa Kifaransa wakaandika Etcheverry. Kule Bizkaia, magharibi mwa nchi ya Wabaski, "mpya" hutamkwa barri, ndipo tunapopata Etxebarria na Echevarría. Wengine waliimeza e ya mwanzo, likabaki Chavarría. Hao wote wamebeba neno lile lile. Leo ukimkuta mtu wa upande wa Hispania anajiandika Etxeberria kwa tx, kuna historia hapo: chini ya utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, uliokwisha mwaka 1975, Kibaski kilibanwa hata kwenye vitabu vya vizazi, na tahajia sanifu ya lugha yenyewe ilianza kuwekwa sawa mwaka 1968. Kwa hiyo familia nyingi zilibadilisha maandishi baadaye, kwa hiari yao, kwa kwenda ofisini na kujaza fomu.

Sasa kwa nini mtu aitwe nyumba? Sisi tukisema "mlango wa fulani" tunamaanisha ukoo, watu waliotoka kwa babu mmoja, hata kama wametawanyika. Wabaski wa vijijini walianzia upande wa pili. Kwao kitu cha kudumu kilikuwa jengo lenyewe la mawe na mbao, pamoja na shamba, malisho na mifugo yake. Wanaliita baserri. Nyumba ilikuwa na jina, na wakaao ndani walilichukua. Mwanamume aliyeoa binti mrithi na kuhamia kwake, mara nyingi kijiji kilianza kumwita kwa nyumba ya mkewe. Nyumba ilikuwa na kaburi lake, na mahali pake kanisani, ambapo mama wa nyumba, etxekoandre, aliwasha mshumaa mwembamba mrefu uliozungushwa kwenye kibao cha mbao kwa ajili ya marehemu wa nyumba ile. Ukipita vijiji vya upande wa Ufaransa, inua macho juu ya mlango: kwenye jiwe la juu mara nyingi kumechongwa jina la mume, jina la mke, na mwaka. Jina la mke limo, sawasawa na la mume.

Ndiyo maana majina ya ukoo ya Kibaski yanasomeka kama maelekezo ya bodaboda. Goikoetxea, nyumba ya juu. Barrenetxea, nyumba ya chini. Etxeandia, nyumba kubwa. Elizondo, kando ya kanisa. Mendizabal, mlima mpana. Hata Bolívar, jina la mkombozi wa Amerika Kusini, ni bonde la kinu.

Katika maelekezo hayo, "nyumba mpya" ndiyo inayochekesha. Mpya tangu lini? Jibu ni rahisi: ilikuwa mpya siku iliposimama kando ya nyingine iliyotangulia. Kijiji kikaiita hivyo ili kuzitofautisha, jina likagota. Paa likabadilishwa, kuta zikapinda, vizazi vikaingia na kutoka, na bado ni nyumba mpya. Yeyote anayekaa mtaa uitwao Mji Mpya, ambao nyumba zake sasa zina nyufa, anaelewa.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaoniandikia kutafuta "ukoo wa Etxeberria" na nembo yake. Ukoo huo haupo. Karibu kila kijiji kilikuwa na nyumba mpya yake, na wakaazi wake hawakuwa na udugu na wa nyumba mpya ya bonde la pili. Etxeberria wawili wakikutana wanaweza kuwa mbali kwa damu kama akina Juma wawili waliokutana stendi. Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyolifanya jina kuwa miongoni mwa majina ya Kibaski yaliyoenea zaidi: halikuzaliana kutoka kwa babu mmoja, lilichipuka mahali pengi. Ukitaka kufuatilia asili ya mtu, jina pekee halikupeleki kokote. Unahitaji kijiji, kisha nyumba, kisha vitabu vya ubatizo vya parokia.

Amerika jina hili lilifika kwa sababu ya nyumba hizo hizo. Shamba halikugawanywa, alirithi mtoto mmoja, na pengine akawa binti. Waliobaki walitafuta bahari, seminari au ng'ambo. Wakaifikisha "nyumba mpya" Chile, Argentina, Colombia, Costa Rica. Meksiko ilipata rais Luis Echeverría, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 1976.

Na Ksaveri? Mashariki mwa Navarra, jimbo la kaskazini mwa Hispania, Kibaski kilikutana na lugha zilizotoka kwenye Kilatini. Midomo ya majirani ikaikata e ya mwanzo, na berri ikavutwa kuwa bier, kama terra ya Kilatini ilivyogeuka tierra kwa Kihispania. Likapatikana Xavier, kwa sauti ya "sh". Baadaye Kihispania kikaibadili sh hiyo kuwa kh, ile ya kheri na khofu, wakaandika Javier. Navarra kuna ngome yenye jina hilo, na humo mwaka 1506 alizaliwa mmisionari Fransisko Ksaveri. Baba yake alikuwa Juan de Jasso, mama yake María de Azpilicueta (mashabiki wa Chelsea, ndiyo, ni jina lile lile la beki César Azpilicueta, na asili yake ni kijiji). Lakini kijana alijulikana kwa nyumba aliyozaliwa. Mwenzake katika kuanzisha shirika la Wajesuiti, Ignasi wa Loyola, vilevile: Loyola ni nyumba, huko Azpeitia, mji wa Wabaski.

Fransisko alipita pwani yetu mwaka 1542 akielekea Goa. Meli ilitia nanga Malindi, na huko alimzika mtu aliyefariki melini. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, na tangu hapo jina la nyumba likawa jina la kubatizia watoto dunia nzima. Mwanasoka Xabi Alonso ni Xabier kwa kifupi. Xavi wa Barcelona, Javier Mascherano, wote ni hilo hilo. Umeishangilia nyumba mpya miaka mingi bila kujua.

Tovuti za majina ya watoto hupenda kuandika kwamba Xavier ni neno la Kiarabu lenye maana ya "mng'avu". Sijaona ushahidi wowote wa hilo, na njia ya kutoka Etxeberri inaonekana wazi kwenye ramani ya Navarra yenyewe. Huku ni kunakiliana tu.

Mama Ksaveri alinisikiliza hadi chai ikapoa. Kisha akazikunja karatasi zake. "Nyumba mpya ni jina zuri," akasema, "ila benki wanataka Xavery." Kesho yake akaenda kuapa hati ya kiapo.